Mabuti Aliyoyaoka Notburga

Huku kwetu, katika bonde la Grauntal, mtu akienda kununua mabuti ya ubao wa theluji, hasemi anavaa namba ngapi. Anavua viatu, anakaa kwenye benchi la dukani kwa mama Notburga, anasubiri kusimangwa.

"Nani alikudanganya kwamba mguu wako ni arobaini na tatu?" Notburga humwuliza, kapiga magoti, mguu wa mteja uko mapajani mwake. "Huu ni arobaini na moja na nusu. Na kucha hujakata tangu Krismasi."

Wageni wa mjini hucheka, kisha hutaka mabuti magumu kuliko yote dukani, kwa sababu wameona vijana wetu wameyavaa. Notburga huwanyima. Huwaambia wazi kwamba buti gumu si pambo. Buti gumu ni la mtu anayeshuka kwa kasi mahali ambapo hata mbuzi wa milimani angesita. Huko buti laini hujikunja, ubao unachelewa kuitika, na kuchelewa huko ndiko kunakoua. Lakini ukilivaa hujui kazi, litakushika mguu na kukupeleka linakotaka lenyewe, nawe utafika chini ukiwa umelala.

Vijana wa bonde ni habari nyingine. Hao aliwavisha buti ambalo ncha za vidole zinaligusa kwa mbele, dogo la kumtoa mtu machozi, akawaacha walalamike weee mpaka wachoke. Kisha alilichomoa lile buti la ndani, lile la sponji, akalitia kwenye kioveni chake nyuma ya kaunta. Likishaumuka kwa joto alimvisha mtu, akafunga kamba, akamsimamisha juu ya kibao, vidole vimeinuka kidogo. Hapo mtu hasemi wala hatikisiki mpaka sponji ipoe na kushika umbo la mguu wake. Nimewaona walevi wa bonde hili, watu wasionyamaza hata kanisani, wamesimama pale kimya kama wanafunzi waliokosa. Na kamba za mara ya kwanza hafungi mwingine ila yeye. Ukitoka dukani ukisema "yameokwa na Notburga," mjadala umekwisha. Kama bado unaumia, kasoro iko mguuni mwako.

Sasa, Notburga alikuwa na mtoto mmoja tu, Severin. Baba yake aliondoka zamani na mwanamke wa Bozen na hatumkumbuki kwa lolote. Severin alilelewa kwenye benchi lile, akila mkate mweusi na nyama ya moshi katikati ya harufu za soksi za watu. Akakua, akawa mpanda ubao ambaye hata sisi tuliozoea kuona tulisimama kumtazama. Majira yale akapata nafasi ya kushindana kwenye Ukuta wa Kunguru, ule mteremko wa mlima ulio karibu wima juu ya bonde letu. Mshindi wa pale angeitwa kushindana na wakubwa wa dunia, na Severin alikuwa ameingoja nafasi hiyo tangu utotoni.

Ukuta wa Kunguru ndio uliomwua Veit, mtoto wa jirani, msimu uliotangulia. Mabuti ya Veit yaliokwa na Notburga. Lorenz, mkuu wa waokoaji wetu, ndiye aliyeyarudisha dukani ndani ya mfuko wa mkate, kwa sababu mama yake Veit hakutaka kuyaona nyumbani kwake. Yalikuwa mazima kabisa. Notburga alitia mkono ndani akakuta umbo la mguu wa yule kijana bado lipo, mpaka kile kinundu chake cha kisigino. Tangu siku hiyo chakula hakikumshuka vizuri, na akisikia helikopta ya waokoaji huacha mteja na buti moja mguuni, huenda kusimama mlangoni.

Kwa hiyo Severin alipokuja kuchagua mabuti ya mashindano, mama yake alijaribu kila njia.

"Chukua haya," alisema, akamwekea jozi ya ugumu wa kati. "Yanakaa vizuri. Kifundo chako kilishavunjika mara moja."

"Ndiyo maana nataka yale magumu, mama."

"Yatakusaga muundi."

"Usagike tu. Ule ukuta una barafu katikati, juu ya miamba. Nikivaa haya yako ya kwenda sokoni, nitaweka makali ya ubao leo, ubao uitike kesho."

Alikuwa sahihi, na Notburga alijua yuko sahihi. Hilo ndilo lililomchoma. Kama angekuwa mtoto wa mtu mwingine, angempa yale magumu bila kumwuliza.

"Usiende, Severin," akasema hatimaye. "Nakuomba kama mama yako."

"Nikae nifanye nini? Niuze soksi?"

"Soksi zina faida kuliko mabuti."

Wakacheka wote wawili, lakini kicheko cha mama hakikufika mbali. Aliyaoka yale mabuti magumu, tena vizuri kuliko yoyote aliyowahi kuoka, maana mikono yake haikujua kufanya kazi mbovu. Severin akasimama juu ya kibao, kimya. Mama akamfunga kamba. Sponji ilipopoa kijana aliruka, akachuchumaa, akajaribu kukitoa kisigino mahali pake. Hakikusogea hata kidogo.

"Kama nimezaliwa nayo," alisema, akambusu mama yake utosini.

Huku kwetu, kabla ya mashindano, washindani huacha mabuti yao kwa Notburga yakaushwe kwenye vile vyuma vyake vyenye joto. Mwaka ule yalipangwa ukuta mzima wa duka, na ya Severin yalikuwa pembeni karibu na oveni. Saa za mchana maduka ya bonde hufungwa watu wakale. Notburga alifunga mlango, akashusha pazia, na hakula.

Alichomoa mabuti ya ndani ya mwanawe akayatia ovenini bila mguu ndani yake. Akazungusha kitasa mpaka mwisho. Kisha akakaa kwenye benchi la wateja, mikono mapajani, akangoja mpaka harufu ikabadilika. Sponji ikipikwa hivyo hufa. Kwa nje huoni kitu, lakini ndani hailishiki tena shavu la mguu, wala haikamati kisigino. Akayarudisha mahali pake, akazifunga kamba vizuri, akafungua dirisha harufu itoke.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Ukuta ule haujaribiwi kabla ya siku yenyewe. Washindani huutazama kwa darubini kutoka bondeni, basi. Siku ikifika hupanda ukingo wa mlima kwa miguu, ubao mgongoni. Mtu anayepanda huku kisigino kinainuka kila anapokanyaga atajua tu buti limeharibika, na hakuna mwendawazimu wa kushuka Ukuta wa Kunguru na buti la namna hiyo. Severin angerudi chini na hasira. Angewatukana waliotengeneza mabuti, angemtukana na mama yake, angenuna mpaka theluji iyeyuke. Notburga alikuwa tayari kununiwa. Alikuwa tayari hata kuchukiwa, mradi mtu wa kumchukia awepo.

Kusema kweli hesabu haikuwa mbaya. Alisahau tu kwamba mtoto huyo yeye ndiye aliyemlea, akamfundisha kwamba mabuti aliyoyaoka hayana kasoro.

Asubuhi ya mashindano alifungua duka kama kawaida. Kulikuwa na msichana wa mjini kwenye benchi, mguu mmoja ndani ya buti lililotoka ovenini, anaogopa kupumua. Simu ikalia.

"Mama, niko juu," alisema Severin. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu. "Kisigino changu kinainuka. Cha kulia zaidi."

Notburga alishika kaunta. Moyo ulimruka kwa furaha, na furaha hiyo ilimtia aibu papo hapo.

"Shuka," alisema. "Kama kinainuka, shuka. Usithubutu."

"Juzi hakikuinuka."

"Mabuti huharibika. Rudi chini, mwanangu, nitayaangalia."

"Si uliyaoka wewe mwenyewe?"

"Niliyaoka."

Mama alimsikia akivuta pumzi, akasikia na kijana mwingine akitania pembeni kwamba Severin anampigia mama yake aje amshike mkono.

"Basi si buti," Severin alisema. "Uliyoyaoka wewe hayajawahi kuharibika, hata ya wageni. Ni mimi. Veit aliniambia woga humkaa mtu visiginoni, na mimi nilimcheka."

"Si woga. Severin, nisikilize. Si woga."

"Umeniambia nishuke tangu nina miaka sita, mama. Kwenye mti, kwenye paa la kanisa. Nimekuzoea."

Neno moja tu lilitakiwa. Nimeyaharibu. Lilifika mpaka kwenye meno. Lakini msichana wa mjini alikuwa anamtazama, na nyuma ya msichana kulikuwa na vyuma vitupu ambako vijana wa bonde zima walikuwa wamechukua mabuti yao asubuhi ile bila kuyakagua, kwa sababu yalilala kwake. Alijiambia atalisema, anatafuta tu namna ya kulisema.

"Namba yangu hiyo inaitwa," alisema Severin. "Nitakaza kamba. Niwekee supu." Simu ikakatika.

Alipiga tena na tena, haikupokewa. Akatoka mlangoni na aproni yake. Kutoka pale ukuta unaonekana wote, mweupe, una ule mkanda wa barafu unaong'aa katikati. Aliona nukta nyeusi ikianza kushuka, ikikata vizuri, upande huu, upande ule, na watu waliokuwa uwanjani wakaanza kushangilia. Kwa dakika hiyo alimwamini Mungu kuliko alivyowahi kumwamini. Nukta ikafika kwenye barafu, ikageuka, na mgeuko ukachelewa kidogo tu. Mtu asiyejua mabuti asingeona. Kisha mtangazaji wa mashindano kwenye kipaza sauti akanyamaza katikati ya neno.

Hakufa. Watu walimpa Notburga hongera kwa hilo, wakamwambia amshukuru Mungu, naye alishukuru huku hawezi kumtazama mtu machoni. Nyonga ilisagika, na mguu wa kulia ulishonwa kwa vyuma kuanzia paja mpaka kifundo. Madaktari walisema atatembea kwa fimbo. Kuhusu ubao, mmoja alisema labda, baada ya muda mrefu, kama kijana mwenyewe ana moyo huo.

Lorenz ndiye aliyeyaleta mabuti hospitali. La kulia alikuwa amelikata kwa kisu kule mlimani ili kuutoa mguu. Aliyaweka kwenye kiti, akavua kofia, akasimama dirishani.

"Nilimwomba ayalete," Severin alimwambia mama yake. Uso wake ulikuwa umevimba na sauti yake ndogo. "Nataka uniambie kitu. Na usinionee huruma."

"Pumzika kwanza."

"Nimelala hapa nawaza jambo moja tu. Kisigino kiliinuka, mama. Kilinitoka pale kwenye barafu, ubao haukunisikia. Au ndivyo ninavyodhani. Sijui tena kama ni mguu ulioinuka au ni mimi niliyeogopa nikarudi nyuma." Akalamba midomo iliyokauka. "Tia mkono ndani. Wewe utajua. Kama ni buti, nitarudi. Hata ikichukua miaka, nitajifunza kutembea na nitarudi kwenye ukuta ule. Kama ni mimi, basi nijue, niache."

Notburga alilichukua lile la kushoto lisilokatwa. Akatia mkono mpaka ndani, polepole, kama anavyofanya kwa kila mteja. Pale palipopaswa kukamata kisigino palikuwa tambarare, pamelegea kama mkate uliolowa. Mguu wa mwanawe haukuwa umeacha alama yoyote mle ndani. Alitafuta kwa vidole, akatafuta tena.

Alijua kabisa anaulizwa nini. Akisema kweli, atampoteza leo hii kitandani, na akipona atampoteza tena kule juu. Akidanganya, atabaki naye, mzima wa kutembea kwa fimbo, akiuza soksi, na kila siku atakapofungua duka atamkuta mtu anayejiona mwoga. Ndicho alichokitaka siku ile aliposhusha pazia. Alipewa nafasi ya kukikataa.

"Mabuti ni mazima," alisema.

Lorenz aligeuka kutoka dirishani. Yeye ndiye aliyekuwa na mikono yote miwili ndani ya buti lile la kulia pale mlimani, akihangaika kuutoa mguu, na vidole vyake viligusa ile sponji iliyolegea. Alimtazama Notburga, akavaa kofia yake, akasema anakwenda kutafuta kahawa. Hakurudi.

Severin alifumba macho. Machozi yakamtoka pembeni, yakaingia masikioni, na hakuweza kuinua mkono ayafute, kwa hiyo mama yake akamfuta.

"Nilijua," alisema. "Wengine wote wananidanganya hapa, ati barafu, ati upepo. Asante, mama, kwa kuniambia kweli."