Chupa Zilizokula Theluji

Sisi watu wa milima ya Tirol tunatunza theluji kama wengine wanavyotunza mahindi. Majira ya baridi yakiisha tunaikusanya chini ya mteremko, tunaifunika kwa maranda mengi ya mbao, tunaiacha ilale. Kiangazi watoto wanashuka mlima huohuo kwa baiskeli na ng'ombe wanakula majani. Novemba tunaifunua na kuitandaza, tunaanza kuteleza kwa ski, zile mbao ndefu za miguuni, kabla mbingu haijakumbuka kazi yake.

Wifi yangu Burgl ndiye mwenye kamba ya umeme inayovuta watu kwenda juu. Mwaka huu meya wetu, Korbinian, alimjia na maneno makavu.

"Burgl, Novemba, Sikukuu ya Mtakatifu Martin ikipita hujafungua, nang'oa nguzo za kamba yako. Watelezaji wote siku hizi wanakwenda bonde la pili."

Tangu hapo Burgl hakupata usingizi. Kamba ile aliachiwa na baba yake, na hana kingine anachokipenda duniani.

Siku ya sikukuu tulifika na makoleo, tukaondoa maranda. Lo! Rundo lilikuwa limebonyea kama andazi lisiloumuka. Nikachimba, koleo langu likagonga chupa ya bia. Jirani akachimba kwake, akatoa kreti nzima. Kumbe kila mwanamume alijiona mjanja peke yake, akatoboa shimo apoozee bia yake, na joto likaingilia humo humo.

"Nani kaweka hizi?" Burgl akauliza.

Wanaume wote wakageuka kutazama ng'ombe.

"Labda panya," akasema Lenz, mume wangu.

"Panya walevi? Kaka, niondokee mbele yangu kabla sijakutandika na hili koleo!"

Theluji iliyobaki ilitosha ukanda mwembamba tu, kutoka nguzo ya kwanza hadi mlangoni pa mgahawa ulio chini. Meya akaja, akaangua kicheko.

"Hii nini, mmeanika shuka? Nani atateleza hapa? Haihesabiki."

Nilimhurumia Burgl. Kisha akainama kwenye rundo la chupa, akaokota moja yenye nembo ya kijani, na mimi niliyekuwa karibu nikashika mdomo. Bia ya bonde la pili! Hapa kwetu ukiiba kuku utasamehewa, lakini bia ile haingii nyumba ya mtu mwenye haya. Na anayekwenda kule kila wiki, eti mikutanoni, ni mmoja tu.

Burgl akaificha chini ya aproni, akamsogelea meya, akamwonyesha nembo kidogo.

"Nipaze sauti," akamnong'oneza, "au utateleza?"

Meya akaiva uso. "Si... sina ski hapa."

"Vaa za Lenz."

Kamba ikamvuta na suti yake hadi nguzo ya kwanza. Akashuka vizuri, ila theluji ikaisha yeye hajaisha, akapitiliza hadi kwenye mavi ya ng'ombe. Akainuka, akajikung'uta bila mafanikio.

"Pamefunguliwa!" akanguruma. "Mmesikia? Pamefunguliwa!"

Burgl alilia mbele ya watu wote, nami nikalia naye, huku watoto wakigombania kamba.

Alasiri meya akaja dirishani kwa Burgl, kofia mkononi.

"Dada yangu, nirudishie ile chupa. Watu wasije wakaiona."

"Utaipata," akasema Burgl, akifunga kabati kwa ufunguo. "Njoo Novemba ijayo, nikishafungua."