Hakimu Huketi

Kaka yangu Feivel ameihifadhi Talmudi, vitabu vya sheria yetu, ukurasa kwa ukurasa, na bado ni mpumbavu. Nitalisema hili mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya wale wanaompisha mstari wa mbele sinagogini.

Baba yetu, Mwalimu Gedalia, alifundisha nusu ya wanaume wa mtaa wetu hapa Yerusalemu. Tangu apooze upande mmoja anatunzwa na Marivic, Mfilipino, huu mwezi wa nane. Baba hana maneno mengi siku hizi, lakini yale aliyobakiwa nayo aliyatumia kumfundisha Marivic amri saba, zile walizopewa wana wa Nuhu, yaani watu wote wa dunia wasio Wayahudi: usiabudu sanamu, usimtukane Mungu, usiue, usizini, usiibe, usile nyama iliyokatwa kwa mnyama aliye hai, na wekeni mahakama. Marivic aliziandika akazibandika kwenye friji, akazishika kwelikweli.

"Saba naziweza, dada Hinde," aliniambia. "Nyinyi Wayahudi mna amri mia sita na kumi na tatu, mnazimalizaje?"

"Hatuzimalizi," nikamjibu. "Tunagombana juu yake."

Ijumaa moja mchana nilipeleka kuku wa Sabato. Nikamkuta jikoni anakula wima, sahani mkononi, mgongo kwenye sinki. Pembeni palikuwa na lundo la mashuka aliyokwisha kuyapiga pasi, na pasi ilikuwa bado ya moto kwa sababu alikuwa anayarudia.

"Kaa ule, Marivic."

"Sina ruhusa."

"Ruhusa ya nani?"

Ndipo akaniambia. Wiki tatu nyuma alimwomba Feivel siku moja ya kupumzika. Feivel akashusha kitabu kabatini, akamsomea palepale kwa kidole: mwana wa Nuhu aliyepumzika anastahili kifo. "Nikamuuliza, hata kukaa kidogo? Akaniambia, mimi ningekuwa wewe nisingejaribu."

"Na usiku?"

"Babu akilala na mimi najiegemeza. Nadhani Mungu anaona kwamba huko si kupumzika."

Niliona giza. Mimi nashona mawigi, sikukalishwa darasani kama Feivel, lakini nimekua chini ya meza ya baba na masikio ninayo. Maneno yale baba aliyaeleza mara mia: hayamhusu mwanamke aliyechoka, yanamhusu mtu anayejibunia sikukuu yake na kuiita ya Mungu. Tena hakuna aliyewahi kuuawa kwa kukaa kwenye kiti. Feivel anayajua hayo kuliko mimi. Aliijua maana, akaificha, akampa mwenzake ile herufi tupu imtishe. Kwa hasira niliyokuwa nayo ningeweza kuivunja ile friji.

Feivel ni mgane, hivyo Sabato mchana hula kwa baba. Nilingoja abariki divai, nilingoja akate mkate, kisha nikamtolea uvivu.

"Umemwambia Marivic akikaa atakufa?"

Akacheka. "Nilimtania, Hinde. Lakini si imeandikwa?"

"Mtu anakula amesimama wiki tatu. Huo ndio utani wako?"

"Sasa akienda zake, nani atamtunza baba? Wewe una mawigi yako, mimi nina masomo."

"Wewe ni mwizi."

Akaweka uma chini. "Chunga mdomo wako, ni Sabato."

"Mwizi, Feivel. Baba alitufundisha kwamba kumnyima mtu usingizi ni kumwibia, tena wizi mbaya, maana usingizi haurudishiki. Na usiibe ipo pale kwenye friji, soma."

"Basi nishtaki," akasema, akajichotea viazi. "Ila leo ni Sabato, mahakama zimefungwa."

"Za kwenu zimefungwa."

Alikuwa Marivic, amesimama mlangoni na upawa mkononi. Akaingia. "Amri ya saba ni yetu. Wekeni mahakama. Humu ndani mwana wa Nuhu ni mimi peke yangu, na babu amenifundisha kwamba kwetu hakimu mmoja anatosha." Akavuta kiti, akakitazama kama mtu anayetazama maji ya baridi, akakaa. "Hakimu huketi, mshtakiwa husimama. Simama, kaka Feivel."

Feivel alinigeukia mimi, si yeye. "Mwambie mwanamke hahukumu. Tena mimi si mwana wa Nuhu."

"Wasiokuwa wa Nuhu walizama wote," nikamwambia. "Wewe ulibaki vipi?"

Akafungua kinywa kujibu, na angejibu mpaka jioni. Lakini baba aliweka mkono wake mzima juu ya meza.

"Feivel," alisema. Tulimsubiri alitafute neno la pili. "Simama."

Kaka yangu ana miaka hamsini na sita. Alisimama, kitambaa cha kulia kimening'inia shingoni.

Marivic alijipakulia kwanza maharage na nyama vilivyolala juu ya moto mdogo usiku kucha, akala pale kwenye kiti, taratibu, mpaka sahani ikawa safi. Hakuna aliyethubutu kumharakisha. Kisha akapangusa mdomo.

"Kuanzia sasa mpaka kesho mchana nimelala. Kila wiki itakuwa hivi. Babu ageuzwe kila baada ya saa mbili, na wa kumgeuza ni wewe." Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Nilifurahi, sifichi. Nilitoa vyombo huku nikiimba, nikimtazama Feivel akipandisha mikono ya shati kwa mara ya kwanza katika nyumba ile. Tukamlaza baba. Feivel akainama juu yake, mikono hewani.

"Anaanza na upande upi? Upi ndio unamuuma, huu uliopooza au ule mzima?"

Nilivuta pumzi nimpasulie ukweli: miezi minane unakuja kula hapa, hujui hata baba yako anaumwa upande gani. Maneno yalifika kwenye meno, ndipo nikagundua kwamba upande wenyewe hata mimi siujui.

"Hinde, upi?"

Nikamtazama baba. Maneno mawili matatu bado alikuwa nayo, na yangetosha kututajia upande. Alitutazama kwa zamu, mimi na kaka yangu, akanyamaza.