Maziwa ya Ognyan

Ulimi wa Ognyan ulipogeuka kijani, wenzake kiwandani walicheka mpaka wakashika mbavu. "Umembusu chura, bwana!" Na ndimi zao wenyewe zilikuwa vilevile. Kazi yao ilikuwa kuingia ndani ya tangi na kuchekecha kichocheo, zile punje za manjano zinazoharakisha kutengenezwa kwa asidi, na vumbi lake halikumbagua mtu.

Kiwanda kiliwapa maziwa, chupa kwa kila mtu, kila zamu. Tangu enzi za baba zao, Bulgaria nzima iliamini maziwa husafisha kifua. Ognyan alizoea kuileta chupa yake nyumbani igandishwe mtindi, mpaka mkewe Rumyana alipomjia juu.

"Wewe mwanamume una akili kweli? Hiyo ni dawa yako! Unywe hukohuko, kila ukiona vumbi limezidi. Niapie!"

"Haya, bosi wangu, naapa."

Kikohozi kilikuja hata hivyo, kikamlaza hospitalini. Daktari alimweleza Rumyana, kwa upole, kwamba mapafu yamekwisha. Maziwa hayazuii vumbi hata chembe. Kinachozuia ni barakoa, nayo haivuliwi ndani ya tangi hata kidogo; bila shaka mumewe alikuwa akiivua. Rumyana alipandwa na hasira. Mtu mzima na ndevu zake, kashindwa kuvaa barakoa!

Jioni Stoyko, mwenzake Ognyan wa zamu, akaja hospitalini kumjulia hali. Maskini, alitaka kufariji tu.

"Shemeji, huyu anakupenda, haki ya Mungu. Sisi maziwa tuliyanywa tukishatoka. Yeye aliingia nayo tangini. Vumbi likizidi, anavua barakoa, anapiga funda, anasema, 'Rumi kaniapisha.' Tulimcheka sana!"

Rumyana alikaa ukingoni mwa kitanda. Hata machozi yalikataa kutoka.

Ognyan alikuwa amesikia yote. "Mwongo huyo," alisema, akitafuta pumzi kati ya neno na neno. "Nilivua... kwa sababu ya joto. Joto tu, Rumi."

Stoyko alimtazama, akaelewa, akainamisha kichwa. "Kweli, shemeji. Joto la mle si mchezo."

Maisha yao yote Ognyan hakuwahi kujua kudanganya. Rumyana alimsihi anyamaze, asijimalize. Hakunyamaza. Alirudia, joto, joto, sauti ikififia, mpaka Rumyana alipoitikia kwa kichwa kwamba amemwamini. Ndipo akanyamaza, na hakusema tena kamwe.