Kiti cha Bibi hakimo kwenye ramani

Msanifu majengo alikuwa amepiga magoti sebuleni, akimpima mwenye nyumba kuanzia nyuma ya goti hadi sakafuni. Wenzake hujenga kwanza, watu wakabaki kuhangaika na makochi yasiyopita mlangoni. Yeye huanza na makalio ya wenyeji, na nyumba nzima ikafuata. Kila kiti hujengewa ukutani, na kisichochorwa hakina nafasi.

Alimpima mume, mke na binti yao. Akauliza kama kuna mwingine.

"Ni sisi tu," mume alisema.

Wakati huo mama yake mzazi alikuwa akimkabidhi msanifu kikombe cha chai. Akarudi jikoni. Chumba chake cha nyuma ndicho kilichobomolewa kwanza.

Kazi ilipokwisha nyumba ilipendeza, hilo halina ubishi. Bibi aliingia kwa mlango wa mbele, papo hapo akajikuta uani. Akaingia kwa mlango wa jikoni, akatokea uani. Alipochoka alikalia ndoo iliyopinduliwa, na mkwewe akampitishia chakula dirishani. Inauma kulisimulia, lakini walizoea upesi. Dirisha lenyewe lilikuwa limechorwa kwa ajili ya kupitishia vyombo, kwa hiyo halikuleta taabu.

Msanifu aliitwa. Alikunjua ramani, akasema nyumba haina kosa. Kiti kingeweza kuongezwa, ila kabati la televisheni lingeondoka na ukuta ungeharibika sura. Mume alilitazama kabati kwa muda mrefu.

"Tutaangalia, mama," alisema dirishani.

"Msijisumbue, mwanangu. Huku kuna hewa."

Mke, ambaye tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana, aliuliza kuhusu mtoto. Msanifu alisema hakuelezwa habari za mtoto. Mume alimwambia mkewe asijitie presha, muda bado upo.

Msanifu hakuitwa tena. Mtoto alizaliwa msimu wa mvua. Mke alishuka garini akiwa amempakata, mumewe akamfungulia mlango, naye akavuka kizingiti. Alipofika ndani, mikononi mwake mlikuwa na shali peke yake. Alikwenda moja kwa moja dirishani.

Uani, chini ya turubai, bibi alikuwa ameshampakata mtoto.

"Nipitishie hiyo shali," alisema. "Kuna baridi."

Mke akampitishia, akabaki ameegemea dirisha huku maziwa yakimlowesha kifuani. Mume alifunga mlango ili mvua isiharibu mbao, akaenda kuketi kwenye kiti chake. Kilimkaa sawasawa.