Koja la Friza Namba Tatu

Miaka thelathini na mmoja Narsimlu alikuwa mhudumu wa maabara, na kila mwaka, siku moja kabla ya sikukuu ya Dasara, yeye ndiye aliyezivisha mashine maua. Hyderabad nzima ndivyo ilivyo: siku hiyo vyombo vya kazi hupumzishwa, viwe nyundo, basi au darubini. Huoshwa, hupakwa manjano na unga mwekundu, huvishwa koja, kisha watu huenda zao nyumbani. Hata wale madaktari waliosomea ng'ambo, wanaocheka kila kitu, hilo hawathubutu kulicheka.

Mwaka huu alikuja na koja moja nono kuliko yote.

"Hilo la bibi harusi gani tena, mzee?" Odelu mlinzi akamtania langoni.

"La friza namba tatu."

"Ahaa, la binti! Kumbe mashine nyingine ni watoto wa kambo!"

"Ndiyo, watoto wa kambo. Una neno?"

Odelu akacheka, akamfungulia lango. Nani asiyejua? Mle ndimo ilimokuwa kazi ya Sravanthi, mtoto pekee wa Narsimlu. Muosha chupa kazaa mtafiti wa kuzichafua, wenzake walisema, naye alitanua kifua kila aliposikia.

Kazi yenyewe, Sravanthi alimweleza baba yake hivi: chembe za kinga mwilini zina vipokezi juu yake, na kwa vipokezi hivyo humtambua adui. Yeye alichukua maelekezo ya kutengeneza kipokezi kimoja cha binadamu, akayapandikiza katika chembe zinazofugwa kwenye chupa, ili zimtengenezee kipokezi hicho, ambacho ni protini, nje ya mwili, watafiti wakichunguze. Kusema ni rahisi. Mwaka wa kwanza chembe zilikufa zote. Wa pili zilitoa protini iliyokunjika vibaya, haifai kitu. Ilimchukua miaka minne kupata vichupa kumi na viwili, ambavyo ukivikusanya havijazi kijiko cha chai. Jumatano baada ya sikukuu vingepelekwa Chennai, kwenye mashine ya kuonyesha umbo la protini, ambako alingoja zamu mwaka mzima. Ufadhili wake ulikuwa unakwisha Desemba. Bila Chennai, shahada hakuna.

"Ikikaa kwenye joto, baba, imekwisha," alimwambia. "Hata ukiigandisha tena, wapi!"

Basi Ijumaa ile Narsimlu aliufungua mlango wa friza, akalitundika koja juu yake, akausukuma ufunge kwa mikono miwili, akaigusa friza, kisha akagusa paji la uso wake. Hakuiona ncha ya uzi, na maua yake matatu, iliyobanwa kati ya mlango na mpira. Watu wakaifunga maabara siku tatu. King'ora cha friza kililia mpaka betri ikakata, na Odelu yuko lango la mbali anakula nyama ya mbuzi ya sikukuu.

Jumanne asubuhi Narsimlu alimkuta binti yake amepiga magoti kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka, vichupa mkononi. Kilichokuwa kiangavu kimekuwa cheupe, kama maziwa yaliyokatika.

"Mwanangu..."

Sravanthi aliuchomoa uzi kwenye mpira, akautazama, akamtazama baba yake. Mzee alitamani ardhi ipasuke immeze. Nyayo za Madam Kameshwari, mkuu wa maabara, zikasikika zinakuja, na msichana akalivuta koja zima akalitupa kwenye ndoo ya taka.

"Nani aliufunga mlango huu?"

"Mimi, Madam," Sravanthi akawahi kusema. "Nilirudi Ijumaa jioni kuvikagua vichupa. Sikuusukuma vizuri."

Madam alishika kichwa. "Ingekuwa kosa la maabara au la mfanyakazi wake, ningekuombea miezi sita zaidi. Uzembe wa mtafiti mwenyewe kamati ya ufadhili haiusamehi. Unanielewa, Sravanthi?"

"Naelewa."

Narsimlu aliinama akaanza kuyapangusa yale maji. Miezi mitatu ilibaki astaafu, na, tuseme ukweli, aliogopa. Mtu mzima na mvi zake akamwacha mtoto asimame mbele yake awe ngao. Aibu gani hiyo!

Nyumbani, alipomuuliza kwa nini, Sravanthi alimsogezea sahani.

"Kwani ukisema wewe, protini itafufuka? Wangekufukuza bila mafao. Halafu tule nini, maua?" Akacheka mwenyewe. Mara kicheko kikageuka kilio, na mzee hakujua mikono yake aiweke wapi.

"Nitasema," Narsimlu akanong'ona. "Nitakwenda kwa Madam niseme."

"Kula, baba. Chakula kinapoa."

Hakulala. Asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni pa Madam, na safari hii hakujipa nafasi ya kuogopa.

"Madam, ni mimi. Uzi wa koja langu ulibanwa mlangoni. Nifukuze leo hii, lakini mwongezee mtoto muda wake. Hana kosa."

Madam Kameshwari aliivua miwani yake. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Keti, Narsimlu. Jana kabla hajaondoka Sravanthi aliniambia utakuja."

"Alikwambia nini, Madam?"

"Alisema, 'Baba atakuja kujitwisha kosa langu. Usimwamini. Ananipenda mno.'"

"Si hivyo! Naapa, Madam! Ni mimi kweli, kwa jina la mama yake aliyekufa, ni mimi!"

"Najua, najua," Madam akasema taratibu, vile mtu anavyombembeleza mgonjwa. "Barua ya kosa lake nimeshaipeleka kwa kamati. Nenda kanywe chai, mzee wangu. Heri mtoto aliyejaliwa baba kama wewe."