Kidole Kilichofungwa na Mwenzake

Upepo uliubamiza mlango wa chuma wa chumba cha kushonea, ukamvunja fundi cherehani kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Pale zahanati, tabibu aliinua picha ya mifupa dirishani.

"Upasuaji hauhitajiki, dada. Njia ni mbili. Nikuwekee plasta ngumu wiki tatu, mfupa utulie kabisa. Au nikifunge kidole na mwenzake. Utakikunja kidogo, hakitakakamaa, ila usikitumikishe. Unafanya kazi gani?"

"Nashona."

"Basi plasta. Nawajua mafundi, hamtulii."

Akakubali. Hakukumbuka kumtaja baba yake. Nani hutangaza kwamba ana ulimi?

Baba alizaliwa kiziwi, na uzeeni macho nayo yakapofuka. Sasa moyo ulikuwa umemlaza kitandani, siku zake za kuhesabika. Miaka miwili alikuwa akimsikia binti yake kwa kumshika: mkono wa kulia wa binti ndani ya viganja vyake, ishara moja baada ya nyingine. Jioni hiyo aliushika, akakuta jiwe. Akaligonga kama mlango, kisha akauliza kwa mikono yake, "Hodi! Kuna mtu humo?"

Binti alicheka, machozi yakamfuata. Akajaribu kwa mkono wa kushoto. Mzee akatikisa kichwa, haambulii kitu. Siku ya tatu aliacha kula. Siku ya tano akaacha kuuliza.

Binti akarudi zahanati mbio. "Niondolee hii. Nifunge vile vidole viwili."

"Kwani vipi?"

"Inaniwasha," alidanganya, maana angesema zaidi angelia.

Nyumbani mzee alivipapasa vile vidole vilivyofungwa pamoja, akatabasamu. "Umepata kigugumizi, mwanangu."

"Nivumilie, baba."

"Kinauma?"

"Hata kidogo." Alijikaza kisabuni, jasho likimtiririka.

Waliongea siku nne: marehemu mama, mvua, jirani mmbea, kofia yake abaki nayo nani. Asubuhi iliyofuata alimwamkia baba kiganjani, na kiganja hakikujibu.

Zilipotimia wiki tatu, tabibu alikitazama kidole, akaguna. "Kimeunga upande. Sema kweli, ulirudi kwenye cherehani?"

"Sikuigusa."

"Sasa mkono huu ulikuwa unafanya nini?"

Akaukumbatia kifuani, kidole kilichopinda kikibaki nje.

"Ulikuwa unaongea na baba."