Limau Halichinjwi

Baba aliponiambia kwamba Jumamosi fundi wa shaba angekuja kuubeba mtambo wa marehemu mama, chai ilinipalia.

"Unasema?"

"Umesikia. Ataukata atengenezee sufuria. Kila nikiingia jikoni nauona umekaa kimya pale, moyo unaniuma. Sitaki tena."

Nikamtazama miguuni. Alikuwa amesimama jikoni kwa mama na viatu vyake vya kutokea, kamba zimefungwa barabara. Enzi za mama, nani angethubutu? Hata mkaguzi aliyekuja kuangalia kibali chake cha kukeneka pombe alivua viatu mlangoni, akaingia na soksi iliyotoboka kwenye kidole gumba. Tulicheka wiki nzima.

Mama alikuwa akitengeneza jini. Pombe, jamani, si lile la kupungwa. Kila Jumatatu, baba akiwa kwenye kibanda chake cha kunyolea, mama aliwasha moto chini ya mtungi wa shaba, mvuke ukapanda kwenye bomba, ukapoa, ukadondoka tone tone kwenye chupa. Matone ya mwanzo aliyamwaga, hayafai kunywewa. Harufu ya iliki na limau niliikuta njiani nikitoka shule, nyumba tatu kabla ya kwetu, nikajua mama yupo. Ningetoa chochote niinuse tena siku moja tu.

"Niache nijaribu," nikamwambia baba. "Nikiipata ladha yake, mtambo unabaki."

"Usipoipata?"

"Nitamsaidia fundi kuubeba." Mdomo wangu huo, siku zote unanitangulia.

Daftari la mama ninalo. Vipimo vyote vimo, kwa mwandiko wake uliolala: mbegu za mreteni, zile zinazoipa jini harufu yake, vikombe viwili, mbegu za giligilani kikombe kimoja, iliki kumi, maganda ya malimau kumi na mawili. Loweka siku nzima kwenye pombe kali isiyo na ladha, kisha keneka kwa moto mdogo. Sasa hapo mtu anakosea wapi?

Nilikosea. Jumanne baba alionja, akakunja uso. "Chungu."

Nikapunguza mreteni, maana nilidhani ndio wenye uchungu. Alhamisi akaonja tena. Safari hii aliweka glasi chini na kunipigapiga begani kama anayenipa pole ya msiba. Nikapandwa na hasira! Nilijikasirikia mimi, nikalikasirikia daftari, nikamkasirikia hata mama aliyekufa bila kuniita siku moja akaniambia, mwanangu, kaa hapa utazame.

Nikamwaga malimau mezani mbele ya baba, nikachukua kisu cha jikoni na kuanza kumenya kwa fujo.

"Ala!" Baba akaruka kwenye kiti. "Unalifanya nini hilo limau? Unalichinja?"

"Namenya. Kwani humenywaje?"

"Tazama ulivyochukua na nyama nyeupe yote. Hiyo ndiyo chungu. Mama yako angekufukuza." "Mimi sikuacha hata chembe ya weupe."

Kisu kikanisimama mkononi. "Wewe? Ulikuwa unamenya wewe?"

"Kila Jumamosi jioni, kwa wembe wa kazi. Malimau kumi na mawili. Nilikuwa nataka kwenda kucheza karata na wenzangu, yeye ananiwekea bakuli mapajani. Alisema maganda ni ya kuweka kwenye kabati la nguo, yafukuze nondo."

"Baba, kwenye kabati la nguo hakujawahi kuwa na ganda hata moja."

Akanitazama. Nikamsukumia daftari, nikaweka kidole kwenye mstari wa maganda ya malimau. Aliusoma, akavua miwani, akaifuta, akausoma tena.

"Miaka thelathini na moja," alisema. "Mwanamke yule! Hakuniambia kwa sababu ningewatangazia wateja wote kibandani." Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, wala hakuyaficha. "Nami naisifia jini yake kila Jumatatu kama mgeni."

Nikaenda kumletea mkoba wa ngozi wenye wembe wake wa kazi. Akairudisha mikono nyuma haraka. Alifunga kibanda mwaka juzi, siku mkono wake ulipotetemeka ukamchana mteja sikio, na tangu hapo wembe hajaugusa.

"Mkono huu hauaminiki, mwanangu."

"Basi shika wangu."

Tukakaa hivyo, wembe mkononi mwangu, kiganja chake juu ya changu. "Usikandamize," akawa ananiambia sikioni. "Unalinyoa, hulichinji. Litembeze limau, wembe utulie. Hapo, hapo! Pole pole, huyo ni mteja wa heshima." La kwanza tuliliharibu. La tatu lilitoka ganda moja refu jembamba, la njano tupu, na baba akaliinua kwenye mwanga wa dirisha akalitazama muda mrefu.

Nililoweka jioni ile, nikakeneka Ijumaa alasiri. Harufu ilipotoka kwenye bomba nilikaa chini sakafuni nikalia kama mtoto. Lakini aliyetakiwa kukubali si mimi. Baba alisema ataonja asubuhi, fundi akiwepo, ili ahadi iwe ahadi.

Fundi akaja mapema na mkokoteni wake, kamba begani. Baba alikuwa mlangoni mwa jikoni, amevaa vizuri kama anayekwenda harusini. Nikampa glasi. Akanusa. Akanywa funda moja, akafumba macho. Nilitaka kumtikisa aseme.

Fundi akakohoa. "Mzee, nipo na kazi nyingine. Niingie niubebe?"

Baba akafumbua macho, akamtazama miguuni.

"Uingie unywe, ukipenda," alisema. "Lakini vua viatu. Mke wangu hapendi."

Kisha akainama kufungua kamba za vyake. Vidole vilikuwa vinamtetemeka, fundo halikubali, kwa hiyo nikapiga magoti nikamfungulia.